Ngoma ya Beni na Vyeo vya Watu

Wasikilizaji wetu, sisi wa Nakapanya twajua ya kuwa dunia ni uwanja wa ngoma. Na tuikumbuke Beni, iliyozuka pwani mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918. Marini na Arinoti walishindana, kila chama na Kingi wake na majemadari wake. Mchana mtu alichukua mzigo wa bwana; jioni akapigiwa saluti. Wengine waliwacheka, wakidhani ni kuiga Wazungu tu. Kumbe vyama hivyo viliuguza wagonjwa na kuzika wafu wao. Cheo kilikuwa cha mchezo, bali wajibu ulikuwa wa kweli. Basi tujiulize: tukivuliwa kofia ya cheo, ni nani atakayetuzika?