Aliyetangulia Alilipwa

Kila mara kampuni ya mtandaoni inayoahidi kuzalisha fedha inapofunga tovuti na kutokomea, hukumu huwa iko tayari: tamaa, ujinga, kupenda mteremko. Siikatai yote. Lakini kati ya waliopigwa huwa wamo walimu, wahasibu, manesi na askari, watu ambao hawanunui kilo ya mchele bila kuulizia bei maduka matatu. Nimesoma historia ya mambo haya kwa muda sasa, na naona watu hao hawakuacha busara yao nyumbani siku hiyo. Walifanya kile ambacho mtu makini hufanya. Walimuuliza aliyetangulia, na aliyetangulia alikuwa amelipwa kweli.

Tuanzie Boston, Marekani, mwaka 1920. Charles Ponzi, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa na ofisi mtaa wa School Street, na ahadi yake ilikuwa faida ya asilimia 50 kwa siku 45, wakati benki zikitoa kama asilimia 5 kwa mwaka mzima. Ukiisikia leo unacheka. Ila hadithi aliyoieleza haikuwa ya kipuuzi. Tangu mwaka 1906 mashirika ya posta ya nchi nyingi yalikuwa yamekubaliana kuuza kuponi ya kulipia jibu la barua: unainunua kwenu, unaitia ndani ya bahasha, na unayemwandikia anaibadilisha kwa stempu za nchi yake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza sarafu kadhaa za Ulaya zilishuka vibaya, lakini bei za kuponi hazikufuata mporomoko huo. Kwa hiyo kuponi iliyonunuliwa Italia ilikuwa na thamani kubwa zaidi ikifika Marekani. Hilo lilikuwa kweli, na mtu yeyote mwenye kalamu na karatasi angeweza kulihakiki. Asichoweza kuhakiki ni kama Ponzi alikuwa ananunua kuponi zenyewe.

Hakuwa ananunua, au alinunua chache zisizo na maana. Aliyekuja mwanzo alilipwa kwa fedha za aliyekuja nyuma yake.

Mwezi Julai gazeti la Boston Post lilianza kumchunguza, likamtafuta Clarence Barron, mchambuzi wa mambo ya fedha aliyeheshimika sana. Barron alipiga hesabu: ili biashara ile iwe ya kweli zingehitajika kuponi milioni 160, na zilizokuwa kwenye mzunguko zilikuwa kama 27,000. Hesabu hiyo ilichapwa gazetini, kila mtu akaisoma. Watu walifanya nini? Walifanya jambo la busara kabisa: walikimbilia ofisini kudai chao. Foleni ikajaa mtaani. Naye Ponzi akawalipa, akatoka nje akawasalimia, akawagawia kahawa na donati. Wengine waliokuwa kwenye foleni wakaamua kurudi nyumbani na karatasi zao mfukoni.

Hapo ndipo huwa nasimama kila ninapoisoma habari hii. Mtihani mkali kuliko yote unaoweza kumpa mtu aliyeshika fedha yako ni kumwambia nirudishie sasa hivi. Ponzi aliufaulu huo mtihani hadharani. Barron alikuwa na tarakimu. Ponzi alikuwa na noti. Katikati ya Agosti alikuwa mikononi mwa sheria, na watu walikuwa wamepoteza takriban dola milioni 20.

Mtandao haukubuni mbinu nyingine. Uliongeza mashahidi tu. Anayeonyesha hilo vizuri ni Sergei Mavrodi, Mrusi aliyesomea hisabati. Kampuni yake ya MMM iliporomoka Moscow mwaka 1994, akafungwa miaka ya baadaye, akatoka mwaka 2007. Mwaka 2011 akarudi, safari hii kwenye intaneti, na akasema waziwazi kwamba anachoanzisha ni piramidi na mtu anaweza kupoteza kila kitu. Watu wakajiunga.

Mfumo huo ndio uliofika Nigeria mwishoni mwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata uchumi wa nchi hiyo ulidorora na naira ikaanguka. MMM iliahidi asilimia 30 kwa mwezi. Utaratibu wake ulikuwa wa kijanja. Hapakuwa na ofisi ya kupokea fedha. Ulielekezwa umtumie mwanachama mwenzako moja kwa moja kwenye akaunti yake ya benki, na zamu yako ikifika wengine walikutumia wewe. Ukishalipwa ulitakiwa uandike au ujirekodi ukishukuru, na shukrani hiyo ikawa tangazo kwa wengine. Benki Kuu ya Nigeria ilionya. Lakini onyo la benki kuu lilikuwa karatasi ya mtu usiyemjua, na upande wa pili alikuwapo binamu yako, na ujumbe wa muamala kwenye simu yake.

Kwa sisi tuliokulia kwenye michezo ya kuchangiana, mfumo huo haukuhitaji maelezo. Mama zetu wamecheza upatu miaka yote: watu kumi wanaojuana, kijumbe wa kukusanya, kila mmoja anapokea kwa zamu. Ni mchezo wa halali na umesomesha watoto wengi. Tanzania tunaliita jina hilohilo la upatu hata lile piramidi la utapeli, na naona mkanganyiko wa jina unaeleza mengi. DECI, iliyovunjika mwaka 2009, ilitumia lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, lugha ambayo waumini walishaizoea kanisani. Lakini katika upatu wa mama, jumla ya kinachotoka ni jumla ya kilichoingia, na kila mtu anamjua wa kumi ni nani. Katika piramidi, wa kumi hajazaliwa bado.

Wako pia waliojua yote haya na bado wakaingia, wakipanga kutoka mapema. Hao siwahurumii sana. Faida waliyoondoka nayo ilikuwa ada ya shule ya mtoto wa mtu mwingine, na waliijua njia iliyopita.

Tarehe 13 Desemba 2016, siku chache kabla ya Krismasi, MMM Nigeria ilizuia malipo kwa mwezi mmoja. Januari mfumo ukafunguliwa tena, malipo yakiwa na kikomo, na wapo waliorudi. Wasomaji wa magazeti walishangaa. Aliyeikumbuka Urusi ya mwaka 1994 hakuwa na sababu ya kushangaa. Mavrodi alikamatwa kiangazi cha mwaka ule, MMM ikiwa imeshaanguka. Mwezi Oktoba wapiga kura wa jimbo la Mytishchi, karibu na Moscow, walimchagua kuwa mbunge, na kiti hicho kikampa kinga ya kutoshtakiwa. Wengi wa waliopoteza hawakumwita mwizi. Mwizi kwao alikuwa serikali, iliyomkamata kabla zamu yao haijafika.