Sambusa ama Samosa?

Ukikuta "sambousek" kwenye menyu ya mkahawa wa Walebanoni, usijifanye unajua. Toa simu, tafuta Google hapo hapo. Picha ikifunguka utacheka: manze, si hii ni sambusa tu! Kilichobadilika ni bei.

Asili ya jina ni Kiajemi, sanbosag. Waarabu wakaliita sanbusaj, na kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10 tayari kinaeleza namna ya kuipika. Karne ya 14, Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliikuta India pia: nyama ya kusaga, lozi, vitunguu na viungo ndani ya mkate mwembamba, imekaangwa kwa samli. (Viazi hakuna. Hivyo vilitoka Amerika Kusini baadaye sana.) India ndiko jina likaja kuwa samosa.

Sasa kuna watu Nairobi humcheka mtu wa Pwani akisema "sambusa", ati sahihi ni samosa. Sahihi kwa nani? Hebu tamka sanbusaj, halafu sambusa, halafu samosa. Ni gani iko karibu na Baghdad?