Mwanafunzi, Kitabu na Kifuniko cha Kompyuta

Mtumishi wa umma anapofunga kompyuta mpakato yake saa tisa na nusu alasiri, kioo huzimika chenyewe. Katika kompyuta nyingi, ukingoni mwa kifuniko kumefichwa kipande cha sumaku, na chini, karibu na kibodi, kuna kihisi kidogo kama punje ya mchele. Sumaku ikikaribia, kihisi hutambua. Kanuni ya kihisi hicho ilitokana na mwanafunzi aliyekitilia shaka kitabu cha kiada.

Mwanafunzi huyo ni Edwin Hall wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, na kitabu ni risala ya James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku, iliyotoka mwaka 1873. Maxwell aliandika kwamba sumaku inapousukuma waya wenye umeme, nguvu hiyo huukumba waya, si mkondo uliomo. Hall hakuridhika. Waya usio na mkondo hausukumwi. Mkondo ukiongezeka, nguvu nayo huongezeka. Vipi basi mkondo wenyewe usiguswe?

Alipeleka swali kwa mwalimu wake, Henry Rowland. Rowland hakumrudisha akakariri ukurasa. Alimweleza kwamba naye anaitilia shaka kauli hiyo, na kwamba aliwahi kuijaribu bila mafanikio. (Ni wahadhiri wangapi leo wangekiri hivyo mbele ya mwanafunzi?) Jaribio la kwanza la Hall nalo halikuzaa kitu. Ndipo akabandika utando mwembamba wa dhahabu juu ya kioo, akaupitishia umeme, akauweka baina ya ncha za sumaku yenye nguvu. Tarehe 28 Oktoba 1879, mshale wa galvanomita iliyounganishwa na kingo mbili za utando ulisogea: mkondo ulikuwa umesukumwa upande, na volteji ndogo ikajitokeza kukingama na njia yake. Hall alikuwa na umri wa miaka 23. Maxwell alifariki siku nane baadaye. Elektroni, chembe inayosukumwa hasa, haikugunduliwa hadi mwaka 1897.

Volteji ile ilikuwa hafifu mno kwa kazi za kawaida. Ilibidi kungoja nusukipitishi za karne ya 20, kama silikoni, ndipo athari ya Hall ikaingia viwandani. Wanaoketi kupanga bajeti za vyuo vyetu, na kudai kila utafiti uonyeshe faida ndani ya mwaka wa fedha, waupime muda huo.

Kompyuta za awali zilitumia kitufe kilichobanwa na kifuniko. Nyingine zilitumia vipande viwili vya chuma ndani ya kichupa, ambavyo hugusana sumaku inapokaribia. Kihisi cha Hall hakina kinachogusana, hivyo hakuna cha kulika.

Hata hivyo, kihisi hakiilazi kompyuta. Kinatoa taarifa tu. Kwa mujibu wa kanuni za pamoja ambazo Intel, Microsoft na Toshiba walizitoa mwaka 1996, taarifa hiyo hupelekwa kwa mfumo endeshi, nao hufuata agizo la mwenye kompyuta: ilale, izime, au iendelee kufanya kazi. Wala kihisi hakitambui kifuniko. Ukiweka juu ya kompyuta iliyo wazi simu yenye jalada la sumaku, mahali penyewe hasa, kioo kitazimika vilevile.