Kwa Nini Zahhak Hakuuawa

Watu wa pwani husema: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumika kusifu kujuana. Kwamba mbaya wako, akiwa wa karibu, hukubakizia. Lakini ina upande wa pili usiosemwa sana: zimwi linalotujua halitumalizi, na sisi nasi hatulimalizi. Katika fasihi za dunia wamo maadui wa namna hiyo, ambao shujaa huwapiga na kuwafunga, lakini kuwaua hawezi. Mkubwa wao, kwa maoni yangu, ni Zahhak, mfalme wa nyoka katika Shahnameh ya Ferdowsi.

Ferdowsi, mshairi wa Tus katika Khorasani, aliikamilisha kazi hiyo mwaka 1010, baada ya miaka zaidi ya 30. Ni tungo ya beti zinazokaribia 50,000, kila beti ikiwa na vipande viwili vyenye kina kimoja, na kila kipande kina mizani 11. Zahhak ameingia mapema humo. Yeye ni mwana wa mfalme mwema wa Kiarabu. Ibilisi alimjia kwa sura ya rafiki akamshawishi amwangamize babake. Kisha akamjia kwa sura ya mpishi, akamlisha nyama hata akampendeza, na ujira alioutaka ni kumbusu mabega tu. Palipobusiwa wakachomoza nyoka wawili weusi. Walipokatwa, wakaota tena kama matawi ya mti. Ibilisi akarudi mara ya tatu, sasa ni tabibu, akatoa dawa: nyoka walishwe bongo za watu. Tangu hapo wakawa wanachinjwa vijana wawili kila siku.

Wengi hukisimulia kisa hiki kwa haraka mpaka kwenye vita, wakaliruka jambo zito kuliko yote: Zahhak hakuivamia Iran, aliitwa. Jamshid, mfalme ambaye Ferdowsi anamnasibishia kuanzishwa kwa Nairuzi, alijivuna hata akajiona ndiye muumba. Wakuu wa nchi wakamchoka, wakaenda wenyewe kumleta yule mwenye nyoka wawatawale. Jamshid akakatwa kwa msumeno. Sisi tunaosherehekea Mwaka Kogwa Makunduchi kila Julai, na ambao manahodha wetu walihesabu misimu kwa Nairuzi, tusikione kisa hiki kuwa ni cha mbali. Sikukuu yenyewe ilivuka bahari ikatufikia.

Zahhak akatawala miaka 1,000 kasoro siku moja. Alipoota kwamba atapinduliwa, aliwakusanya wazee wa nchi akawataka watie saini hati ya kushuhudia kuwa hakupanda ila wema. Wakatia, kwa hofu. Hapo akaingia Kaveh mhunzi, aliyekuwa na wana 18 na amebakiwa na mmoja, naye keshakamatwa. Zahhak akamrudishia mwanawe, akamtaka naye atie saini. Kaveh akaichana hati akaikanyaga, akatoka, akaitundika juu ya mkuki ngozi yake ya kazini, na watu wakaifuata bendera hiyo hadi kwa Fereydun.

Fereydun akampiga Zahhak kwa rungu lenye kichwa cha ng'ombe. Alipotaka kummaliza, malaika Sorush akamzuia: saa yake haijafika, mfunge mlimani. Akafungwa katika pango la Damavand, kaskazini mwa Iran, mlima wa volkano unaopita mita 5,600, ambao mpaka leo hutoa moshi wa kiberiti.

Katika Avesta, maandiko ya kale ya Wazoroastria, adui huyu ni joka, Azhi Dahaka, lenye vichwa vitatu na macho sita, na Thraetaona, ndiye Fereydun wa baadaye, anasifiwa kwa kulishinda. Vitabu vya Kipahlavi, kama Denkard ya karne ya 9, vinaongeza sababu: upanga ulipomgusa, mwilini mwake walitoka wadudu na watambaao, na shujaa akakatazwa kumkata asije akaujaza ulimwengu uchafu huo. Ferdowsi hakuwataja wadudu hao, amelibakisha katazo. Joka limekuwa mtu, na kadiri lilivyozidi kuwa mtu, ndivyo kifo chake kilivyozidi kuwa kigumu.

Tulinganishe na Nunda wetu mla watu, katika hadithi za Unguja zilizokusanywa na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Naye alianza kwa kulindwa: alikuwa paka wa Sultani, na raia walipolalamika, Sultani akamkingia kifua. Lakini Nunda ni mnyama. Kijana mdogo wa Sultani anamsaka, anamuua, mji unapumua. Zahhak hauliki hivyo, kwa kuwa nguvu zake hazikuwa mwilini mwake. Zilikuwa kwa wakuu waliomwita na wazee waliotia saini. Rungu lingemwangusha mtu mmoja, na hati ingebaki.

Ndiyo maana hata ubishi juu yake haukwishi. Mwaka 1990, mshairi Ahmad Shamlou, akihutubu Berkeley, Marekani, alidai kwamba Zahhak alikuwa mtetezi wa wanyonge aliyesingiziwa na wenye vyeo. Wairani wengi walighadhibika. Mimi sikubaliani na Shamlou, lakini naona alichokithibitisha: yule aliyefungwa pangoni bado anapata wa kumtetea.

Je, hadithi ya namna hii yatukatisha tamaa? Ingekuwa hivyo kama Ferdowsi asingewaweka humo Armayil na Garmayil. Hawa ni watu wema wawili walioingia jikoni kwa Zahhak kama wapishi, wakijua hawana rungu wala jeshi. Kila siku, katika vijana wawili walioletwa, walimwachia mmoja, wakachanganya ubongo wa kondoo na wa yule mwengine. Vijana 30 kila mwezi walipona, wakapelekwa milimani na mbuzi na kondoo wa kuanzia maisha. Na kutokana nao, asema mshairi, ndio Wakurdi. Wapishi hao hawakumshinda Zahhak, wala hawakungoja ashindwe. Fereydun alipokuja, alizikuta jamaa nzima zi hai milimani.