Kioo kinachoumbua dawa bandia kilizaliwa kwa wafamasia wa Kharkov

Mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 70 tangu mfamasia wa Kijerumani, Egon Stahl, alipochapisha katika jarida la Die Pharmazie makala kuhusu namna ya kutenganisha vilivyomo ndani ya mimea kwa bamba la kioo lililopakwa unga laini. Njia hiyo, kromatografia ya tabaka jembamba, imo leo katika vitabu rasmi vya dawa vya Ulaya, India na China, na ndiyo moja ya vipimo vya mwanzo vinavyofanyiwa dawa ya mitishamba kabla haijaruhusiwa kuuzwa. Wengi humtaja Stahl kuwa baba yake. Mimi nimesoma simulizi nyingine, na nashawishika kwamba heshima ya kwanza wanaidai watu wawili wa Kharkov, Ukraine, waliotangulia kwa miaka 18: Nikolai Izmailov na Maria Shraiber.

Kazi yenyewe haina makuu. Unga wa gome au wa mzizi huloweshwa kwenye methanoli na kuchujwa. Tone la maji yake hugusishwa kwa mrija mwembamba karibu na ukingo wa chini wa bamba, na pembeni yake huwekwa tone la mmea ambao tayari umethibitishwa. Bamba husimamishwa ndani ya chombo chenye kiyeyushi kidogo, kiasi cha kulowesha ukingo tu. Kiyeyushi hupanda chenyewe, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, kikibeba vilivyomo kwenye matone. Kinachong'ang'ania unga hubaki chini, kisichoshikika huenda juu. Haipiti muda mrefu kila mmea huwa umeacha mpangilio wake wa madoa. Yasiyoonekana kwa macho hufichuliwa na taa ya urujuanimno, ambayo chini yake kwinini hung'aa buluu. Alkaloidi nyingi, zikinyunyiziwa dawa ya Dragendorff, hugeuka rangi ya chungwa. Safu mbili za madoa zisipolingana, mwenye mzigo ana swali la kujibu.

Mwanzo wa mbali unajulikana. Mwaka 1903 mjini Warsaw, mtaalamu wa mimea Mikhail Tsvet alieleza jinsi rangi za majani zinavyoachana zikipitishwa kwenye mrija uliojazwa unga. Sayansi ikampuuza, akafariki mwaka 1919, na njia yake ikafufuliwa katika miaka ya 1930.

Ndipo tunapofika Kharkov mwaka 1938. Hapa nategemea zaidi kumbukumbu alizoandika Shraiber mwenyewe mwaka 1972, pamoja na maandishi ya Leslie Ettre, mwanakemia aliyetumia miaka mingi kufuatilia historia ya fani hii. Izmailov na Shraiber walifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa famasia. Dawa zilizowaumiza kichwa hazikuwa vidonge vya kiwandani, bali tinkcha na vimiminika vingine vilivyotengenezwa kwa mizizi, majani na magome. Ilibidi vikaguliwe, tena haraka, lakini mrija wa Tsvet ulikuwa mwendo wa kobe: kuujaza, kumimina, kusubiri, na mwisho wake jibu moja tu.

Izmailov alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Wazo alilolileta linashangaza kwa wepesi wake. Kwa nini wahangaike na mrija mzima, wakati kipande chembamba cha unga huohuo kingetosha? Wakakoroga uji wa alumina, wakaupaka juu ya kioo kidogo cha hadubini kwa unene wa milimita 2 hivi, wakadondosha tone moja la dawa katikati, kisha matone machache ya kiyeyushi. Tone likatanuka, na vilivyomo vikajipanga katika pete, moja ndani ya nyingine. Chini ya taa ya urujuanimno kila pete ilikuwa na mng'ao wake. Kilichohitajika ni tone moja la dawa, na majibu yakapatikana kwa dakika chache.

Makala yao ilitoka mwaka huohuo katika jarida la Farmatsiya la Moscow. Ilipokewa kwa ukimya. Haikuwa lugha wala jarida ambalo maabara za Ulaya Magharibi na Marekani zililisoma, na miaka mitatu baadaye Kharkov ikawa mikononi mwa jeshi la Ujerumani. Muhtasari mfupi ulivuka bahari hata hivyo: mwaka 1941 Mary Crowe, wa idara ya afya ya jimbo la New York, alieleza jinsi alivyoitumia njia hiyo kuchagulia viyeyushi. Baada ya hapo wazo likalala. Tafsiri kamili ya makala hiyo kwa Kiingereza ilichapishwa mwaka 1966, miaka 28 baada ya kuandikwa. Izmailov alikuwa amefariki tangu 1961. Shraiber alibaki kusimulia, na ninapomsoma nahisi uzito wa mtu aliyeona kazi yake ikizunguka dunia bila jina lake.

Tungemaliza kesi hapo kama isingekuwa Pasadena, California. Huko Justus Kirchner na wenzake wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walikuwa wakichunguza kinacholeta harufu na ladha katika maji ya machungwa na mabalungi. Vitu hivyo, terpeni, havikutenganishwa vizuri na kromatografia ya karatasi, ambayo wakati ule ndiyo iliyokuwa ikitamba. Mwaka 1951 walichapisha jibu lao: vipande vyembamba vya kioo vilivyopakwa jeli ya silika iliyochanganywa na wanga ili ishike, vikasimamishwa kwenye kiyeyushi hadi kikapanda, kisha vikanyunyiziwa dawa za kuonyesha madoa. Mtu yeyote aliyewahi kushika bamba maabara atatambua kwamba hicho ndicho anachokifanya leo. Miaka mitatu baadaye walikuwa wakipima kwa njia hiyo kiasi cha bifenili, dawa ya kuzuia ukungu, kwenye machungwa.

Kwa hiyo wanaomtetea Kirchner wana hoja nzito. Tone la Kharkov lilitanuka kwa duara, la Pasadena lilipanda. Unga wa Kharkov ulikuwa umelala tu juu ya kioo, wa Pasadena ulikuwa na gundi. Kitabu kikubwa alichotoa Kirchner mwaka 1967 hakiachi shaka kwamba kazi yake ya 1951 si hatua ndogo ya njiani. Upande wa pili, Stahl alipoandika mwaka 1979 tathmini ya safari nzima, aliipa kichwa cha habari kinachozungumzia miaka 20 ya kromatografia ya tabaka jembamba. Piga hesabu kurudi nyuma: unaangukia mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati yeye mwenyewe alipoingia kwa kishindo. Pasadena ilikuwa na miaka 28 wakati huo, Kharkov 41.

Stahl hakuwa mwizi, na simwandiki hivyo. Alitaka kujua kilichomo ndani ya vitezi vidogo vya mafuta vya mimea, na aliona udhaifu ambao wenzake hawakuushughulikia: kila maabara ilipaka unga wake kivyake, basi majibu ya huyu hayakufanana na ya yule. Makala yake ya 1956 nayo haikutikisa mtu. Mwaka 1958 ndipo mambo yalipobadilika. Kiwanda cha Merck cha Darmstadt kilianza kuuza jeli ya silika iliyochanganywa na jasi, yenye jina la Stahl kwenye kopo, na kampuni ya Desaga ya Heidelberg ikauza kifaa cha kuipaka kwa unene ulio sawa kwenye mabamba ya sentimita 20 kwa 20. Mwaka 1962 akatoa kitabu cha mwongozo wa maabara. Kuanzia hapo njia ilisambaa mabara yote. Kusambaza ni kazi kubwa na anastahili sifa zake. Lakini kusambaza si kuzaa, na jina lililoandikwa kwenye kopo ndilo lililofunika ya wengine.

Thamani ya njia hii haionekani katika ubishi wa maprofesa, bali hospitalini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 madaktari wa Brussels walianza kupokea wanawake ambao figo zao zilikuwa zimeharibika ghafla. Walikuwa wametumia vidonge vya kupunguza unene katika kliniki moja, vyenye mitishamba ya Kichina. Kwenye karatasi kiungo kiliitwa Stephania tetrandra. Uchunguzi wa unga wenyewe, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta humo asidi ya aristoloki, sumu inayotoka katika mmea mwingine kabisa, Aristolochia fangchi, ambao jina lake la Kichina linakaribiana na la mmea uliokusudiwa. Walioathirika walizidi 100. Tone moja kwenye bamba, kabla mzigo haujafunguliwa, lingetosha kuonyesha kwamba mmea si wenyewe.

Kwetu, njia hii iliingia kupitia mlango wa vidonge. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 Tanzania imetumia masanduku ya maabara ndogo, yaliyobuniwa na mfuko wa hisani wa Frankfurt, kukagua dawa za malaria, antibiotiki na nyinginezo kwenye vituo vya kuingilia nchini. Ndani ya sanduku mna mabamba, mirija, viyeyushi na taa. Uzoefu huo uliandikwa katika jarida la kimataifa mwaka 2008, na mwaka 2011 Eliangiringa Kaale wa Shule ya Famasi, Muhimbili, pamoja na wenzake walichapisha makala ya kuitetea njia hii kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa. Ni kazi ya kujivunia.

Kinachouma ni kwamba kioo kilichobuniwa kwa ajili ya mizizi na magome kinakagua zaidi vidonge, huku mizizi na magome yakipita pembeni. Muhimbili ina kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu 1974, kilichopandishwa kuwa taasisi mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Hata hivyo ukisimama stendi yoyote ya mabasi utauziwa unga ndani ya chupa ya plastiki, umeandikwa kwa kalamu kwamba unatibu sukari, presha na nguvu za kiume, na hakuna aliyeugusisha kwenye bamba. Mganga mwaminifu anayechimba mzizi sahihi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu mteja hana namna ya kumtofautisha na anayechanganya unga huo na vidonge vilivyosagwa.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Mwaka 2010 ilitoka farmakopia, yaani kitabu rasmi cha dawa, ya mitishamba ya Afrika, yenye mimea zaidi ya 50, ikiwa na picha za madoa yake ili mpimaji awe na cha kulinganishia. Mmoja wa wahariri wake, Ameenah Gurib-Fakim, alikuja kuwa Rais wa Mauritius mwaka 2015. Humo mna Prunus africana, mti unaoota kwenye milima yetu ya Kenya na Tanzania, na ambao magome yake yamesafirishwa Ulaya kwa miaka mingi kutengenezewa dawa za tezi dume. Huko linakopelekwa, gome hupimwa kwanza. Kinachotakiwa sasa ni wizara za afya za Dodoma, Nairobi na Kampala kugharamia kurasa zinazofuata, zikianza na dawa zinazouzwa zaidi stendi, na kupeleka kila mkoa bamba, taa na mfamasia mmoja aliyefundishwa kuzitumia.