Chura asiye na ulimi

Nimekuwa kimya tangu turudi kutoka BTP. Si maringo jamani, ripoti ya mazoezi ya kufundisha ilinibana, halafu bumu nalo likachelewa, na mtu huwezi kuandika ukiwa na njaa. Leo nimekula, nimekaa hapa kimbwetani, basi niwape hadithi ya chura. Msicheke kwanza.

Mimi nilijipangia nyumbani, Tunduma, nikapata shule moja yenye kidato cha tano na sita. Nikapewa Biolojia kidato cha sita. Wiki ya tatu ikafika siku ya kupasua chura. Mwalimu mwenyeji akaniambia nisihangaike, chura pale hawanunuliwi, msimu wa mvua madogo wa bweni watawaleta wenyewe. Kweli, usiku ule wavulana wakatoka na ndoo. Wengi waliokota wale vyura wa kawaida wenye ngozi ya mabakamabaka, wanaokaa chini ya taa kuvizia wadudu. Wawili wakaenda kwenye bwawa la kufugia samaki la jirani na wakarudi na kitu kingine kabisa. Kinateleza kama sabuni, macho yako juu ya kichwa, na ubavuni kina alama nyeupe nyeupe kama mshono wa cherehani.

Mwongozo wetu wa maabara unasema chura wa kupasua ni Bufo regularis. Nikaliandika jina hilo ubaoni kwa mbwembwe zote. Mara kijana mmoja wa meza ya nyuma akanyoosha mkono.

"Madamu, huyu wetu hana ulimi."

"Mtakuwa mmeukata mlipofungua mdomo."

"Mkasi bado hatujashika, Madamu. Halafu ana kucha nyeusi miguu ya nyuma, tatu tatu."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikamwambia aachane na kucha, achore mfumo wa mmeng'enyo kama mtihani unavyotaka. Akachora. Mimi usiku sikulala vizuri, kwa sababu nilijua kabisa kwamba dogo yuko sahihi na mimi nimemzima tu ili nisionekane sijui.

Nikaanza kusoma. Kumbe yule chura wa bwawani ni wa jenasi ya Xenopus, ambao kweli hawana ulimi, wana kucha tatu kila mguu wa nyuma na wanaishi majini karibu maisha yao yote. Ule mshono wa ubavuni ni kiungo cha kuhisi mtikisiko wa maji. Na ndugu zake ni kati ya wanyama waliofanya kazi kubwa kuliko wote katika maabara za dunia. Mimi nilikuwa naye mezani nikamwita jina la mtu mwingine.

Historia yenyewe inaanzia kusini, Cape Town. Mwaka 1927 Mwingereza Lancelot Hogben alikwenda kufundisha zuolojia Chuo Kikuu cha Cape Town. Akawapenda sana hawa vyura wa madimbwi ya huko, Xenopus laevis. Akagundua kwamba ukimchoma jike sindano yenye dondoo ya tezi ya pituitari ya ng'ombe, anataga mayai. Hogben aliondoka 1930, ubaguzi wa rangi wa huko ukiwa umemchosha. Waliobaki Cape Town, Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein, wakapeleka wazo hatua ya mbele: mwaka 1933 wakaonyesha kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito nao unamfanya chura atage. Sababu ni homoni inayotengenezwa na kondo la nyuma, ambayo hutoka kwenye mkojo mapema kabisa mimba ikiingia.

Fikiria ilivyokuwa kabla ya hapo. Kipimo kilichokuwepo, cha Wajerumani Aschheim na Zondek, kilitaka uchome panya mkojo, usubiri siku kadhaa, umuue na umpasue uangalie ovari. Kwa chura unachoma jioni, asubuhi unaangalia kwenye maji kama kuna mayai. Chura haumii sana, anapumzika wiki chache, anarudi kazini. Basi kuanzia miaka ya 1930 mpaka miaka ya 1960, vilipokuja vipimo vya kemikali, vyura wa Afrika walisafirishwa kwa maelfu kwenda hospitali za Ulaya na Marekani. Na kipimo kikaitwa cha Hogben, ingawa wale wawili wa Cape Town walilalamika. Kijistripu cha mkojo tunachonunua leo duka la dawa kinatafuta homoni ileile. (Sisi wasichana tuliosoma sekondari kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shule, tunakijua kipimo hicho kwa sura nyingine kabisa. Mkipangwa mstari kupimwa, moyo unadunda hata kama hujafanya lolote. Hayo nitayaandika siku yake.)

Sasa angalia mambo yanavyofuatana. Kwa sababu vyura walishajaa hospitalini, wanabiolojia wa Ulaya wakawakuta tayari. Mnyama anayevumilia kuishi kwenye tangi, anayetaga mwezi wowote ukimchoma sindano, na mayai yake yanaonekana kwa macho bila darubini. Kwa mtu anayetaka kujua yai linavyogeuka mwili, hiyo ni zawadi. Kule Oxford, kijana John Gurdon akachukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi, akakiweka ndani ya yai ambalo kiini chake kimeuawa kwa mionzi. Mengi yalikufa, lakini machache yakakua. Matokeo aliyochapisha mwaka 1962 yalionyesha kwamba seli ya utumbo haijatupa maelekezo ya kutengeneza mwili mzima, imeyafunga tu kabatini. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 2012, miaka 50 baadaye. Alifariki mwaka 2025.

Walimu wenzangu, hapa niongeze kidogo. Gurdon huyuhuyu, akiwa shule ya Eton mwaka 1949, alishika mkia kwenye Biolojia, na mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kwamba wazo la kijana huyu kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha. Aliitunza ile ripoti na kuitundika ofisini kwake. Nilipolisoma hilo nikamkumbuka dogo wangu wa meza ya nyuma, nikafunga kompyuta kwanza.

Sehemu iliyonigusa zaidi lakini ni nyingine, na inatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Marekani, mjini Baltimore, alikuwepo mtafiti Donald Brown. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Wensink na Jordan, walilinganisha DNA ya aina mbili za Xenopus: laevis wa kusini, na mwingine waliyemwita mulleri. Walichunguza jeni za ribosomu, ambazo ndani ya seli zimejirudia mara mamia, zimepangwa mstari kama shanga, na kati ya jeni na jeni kuna kipande cha kutenganisha. Jeni zenyewe kwa vyura wote wawili zilikuwa karibu sawa kabisa. Vile vipande vya kati vilitofautiana sana kutoka aina moja hadi nyingine, ila ndani ya aina moja vilifanana vyote. Ni kama madaftari ya mikondo miwili: mkondo A wote wamenakili kosa moja, mkondo B wote wana kosa lao tofauti. Unajiuliza, walikaa wapi wakanakiliana? Swali hilo likafungua mjadala mkubwa kuhusu jinsi nakala za jeni zinavyobadilika kwa pamoja, na mpaka leo linafundishwa vyuoni.

Tatizo ni kwamba yule wa pili hakuwa mulleri. Mwaka 1977 Brown, pamoja na Dawid na Reeder, walichapisha taarifa fupi, kurasa mbili tu, kusema kwamba chura wao ametambuliwa vibaya. Alikuwa Xenopus borealis. Huyo ni wa kwetu huku, anaishi nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na H. W. Parker alimpa jina mwaka 1936 kwa vielelezo vya Marsabit. Kwa hiyo kwa miaka mitano chura wa Marsabit alikuwa anatoa ushahidi mkubwa wa jenetiki huku ameandikwa jina la chura wa Msumbiji. Vipimo havikuharibika, DNA ni ileile. Lakini kama mtu angetaka kwenda kumtafuta yule mnyama porini arudie utafiti, angeshuka kwenye joto la pwani, wakati mwenyewe yuko mlimani. Baada ya kurekebishwa jina, borealis aliendelea na kazi: kwenye jeni yake ndogo iitwayo 5S, mwaka 1980 maabara ya Brown ilionyesha kwamba swichi ya kuiwasha imekaa katikati ya jeni yenyewe, mahali ambapo hakuna aliyeitarajia.

Mimi naona zile kurasa mbili za 1977 ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Watu wenye jina, wenye maabara, wanaandika hadharani: tulimwita vibaya.

Biashara ya vyura wa maabara ina upande mchungu pia. Mwaka 2004 watafiti walipendekeza kwamba usafirishaji wa Xenopus ndio uliosambaza ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani, baada ya kuukuta kwenye kielelezo cha mwaka 1938 kutoka Afrika Kusini. Uchunguzi wa DNA uliotoka 2018 ukasema asili ya kuvu hiyo ni Asia Mashariki, ingawa biashara ya wanyama bado inalaumiwa kwa kuisambaza. Kwetu mnajua ilikofika. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa milima ya Udzungwa anayezaa watoto badala ya kutaga, alishapunguziwa maji na bwawa la umeme la mwaka 2000, kisha 2003 wakafa kwa wingi na kuvu hiyo ikakutwa. Mwaka 2009 akatangazwa ametoweka porini. Aliyeokoka ni aliyekuwa uhamishoni kwenye mabustani ya wanyama Marekani. Wakaanza kurudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2010, na 2012 wakaachiwa tena bondeni.

Na majina bado yanarekebishwa. Jirani zetu wa Rungwe wana chura mwingine anayezaa, Mjerumani Tornier alimpa jina mwaka 1905. Kwa miaka zaidi ya 100 watu wakadhani wa milima mingine ni haohao. Mwaka 2025 DNA ya vielelezo vilivyokaa makumbusho tangu zama za Wajerumani ilisaidia kutenganisha aina tatu mpya za Tanzania. Hata yule Bufo regularis wa mwongozo wetu, kitaalamu jenasi yake siku hizi ni Sclerophrys. Mwongozo haujui.

Kipindi kilichofuata niliingia darasani bila mbwembwe. Nikamwita yule kijana kwa jina, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hakukata ulimi, ulimi haukuwepo, na mimi nilikosea. Darasa lilikuwa kimya kuliko siku zote za BTP yangu. Nikafuta Bufo, nikaandika Xenopus, nikaacha nafasi wazi mbele yake.

"La pili je, Madamu?"

Nikawauliza kama wanaweza kuleta mwingine, mzima, na safari hii hakuna kupasua. Walikuwa wameshamleta, yuko kwenye ndoo nje ya maabara. Chini ya jicho la Xenopus kuna kidude kidogo kama kisharubu, na kwa muelleri huwa kirefu, kinapita nusu ya upana wa jicho. Nikawapa rula. Kengele ya chai ililia, hakuna aliyetoka, wanabishana kama ni milimita moja au moja na nusu, na chura anateleza kila akishikwa.