Kliniki ya timu kwa wazee dhaifu: gharama na faida zake

Mzee dhaifu ni yule ambaye homa ndogo au kuanguka mara moja kwaweza kumlaza kitandani. Aghalabu haugui kitu kimoja: ana presha, kisukari, magoti na macho, kila kimoja na dawa zake na siku yake ya kliniki.

Katika kliniki ya timu, daktari au tabibu, muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa viungo na afisa wa ustawi wa jamii humpima pamoja, wakakubaliana mpango mmoja, naye akarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Faida

Utafiti wa hospitali 11 za wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, ulifuatilia wagonjwa 1,388 wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kliniki za aina hii hazikurefusha maisha, lakini afya ya akili ya wazee iliimarika, na gharama haikuzidi ile ya matibabu ya kawaida. Huko Indianapolis, utafiti wa 2007 kwa wazee 951 wa kipato cha chini, waliotembelewa nyumbani na muuguzi na afisa wa ustawi, ulionyesha huduma bora na safari chache za dharura hospitalini.

Gharama

Gharama kubwa ni mishahara na muda, kwani mzee mmoja huchukua nafasi ya wagonjwa kadhaa. Kwa familia, ni nauli na siku ya kazi ya anayemsindikiza.

Hali ya Kosele

Mzee wa Kosele, Kaunti ya Homa Bay, aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa Inua Jamii hutengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Chini ya SHA, iliyoanza Oktoba 2024, zahanati na vituo vya afya hulipiwa na serikali kwa aliyejisajili, ila hospitali kubwa zahitaji mchango, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa hiyo mahali timu inapokaa ndipo penye uzito. Ikikaa Oyugis, mzee atalipa nauli na mchango. Ikifika zahanati ya karibu kwa zamu, hata mara moja kwa mwezi, atabaki na fedha zake za chakula.

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao ya vituo na wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao hupima presha na sukari nyumba kwa nyumba. Msingi upo, kilichobaki ni kaunti kuitengea timu hiyo siku yake na gari.